Niliagiza pikipiki ya matope, nikarudishiwa madigadi ile ile

Nimesubiri hasira ipoe ndipo niandike. Imekataa kupoa, kwa hiyo naandika hivi hivi.

Kazi yangu ni kupeleka chanjo na dawa za kuku kwa wafugaji wa pembezoni mwa jiji la Dar es Salaam: Chanika, Msongola, na Kisarawe ndani ndani huko. Kiangazi Boxer yangu inafika kokote. Masika ikianza, ukishaacha lami tu, mambo yanabadilika, hasa upande wa vilima vya Pugu ambako udongo una kaolini, ule mfinyanzi mweupe. Ule udongo unanata kwenye kiatu, kwenye tairi, kwenye kila kitu. Tairi za barabarani zikishajaa, pikipiki inateleza kama imepakwa sabuni, na nyuma umebeba boksi lenye barafu na chanjo za watu.

Nikaelekezwa gereji moja maeneo ya Ilala inayogeuza pikipiki za kawaida kuwa za porini. Nikaagiza vitu vitatu: tairi za kashata, zile zenye meno makubwa, mbele na nyuma; spoketi kubwa ya nyuma, lile gia linalozungushwa na cheni; na madigadi ya mbele, ile kinga ya matope juu ya tairi, itolewe, iwekwe ndefu ya juu, chini ya taa, kama za pikipiki za mashindano. Hilo la madigadi nililirudia mpaka fundi mkuu akaniambia, "Dada, nimekuelewa." Na bei tuliyokubaliana ilikuwa ya vitu vyote vitatu.

Kwa nini nilishikilia madigadi? Kwa sababu pikipiki ya kawaida madigadi yake inakaa karibu kabisa na tairi. Kwenye lami haina shida. Lakini kashata ina meno, na meno yale yanazoa udongo na kuupandisha juu. Usipopata nafasi ya kudondoka, unajishindilia pale katikati ya tairi na bati mpaka gurudumu linakamatwa. Ukifunga kashata halafu ukaacha madigadi ya chini, umeongeza tatizo, maana tairi ya zamani angalau ilikuwa haizoi kiasi hicho.

Sasa sikilizeni nilichopewa. Madigadi ile ile ya kiwandani, imenyanyuliwa upana wa kidole kwa vipande vya chuma vilivyochomelewa, ikapigwa rangi. Nikauliza ya juu iko wapi. "Ile ni urembo tu, dada, hii inatosha." Walikuwa wanafunga, giza linaingia, na kesho yake wafugaji walikuwa wananisubiri.

Haikuchukua muda. Mvua ilinyesha usiku kucha, na kwenye mteremko mmoja mbele ya Chanika usukani ukaanza kuwa mzito. Nikasikia mkwaruzo chini ya taa, kisha harufu ya klachi, kisha gurudumu la mbele likagoma kabisa. Linaburutwa halizunguki. Nikashuka, nikachukua kijiti nichokonoe. Udongo umeshindiliwa na majani ndani yake, kijiti kikavunjika. Nikatoa spana niifungue ile madigadi niitupe porini. Haifunguki! Nati wamezichomelea pamoja na vile vipande vyao. Fundi gani anachomelea nati? Kitu ambacho kila mwendesha pikipiki anakifungua mwenyewe njiani, wao wamekifanya kisifunguke mpaka upate grenda. Nimechokonoa kwa bisibisi, naenda hatua kadhaa, linakamata tena. Jua limetoka, barafu imeyeyuka, na chanjo ikishapata joto siwezi kumpa mfugaji, nikamwambia ni nzima. Nilizimwaga zote. Hasara ile hakuna aliyenilipa.

Hata hivyo hilo ningelimeza. Lililonikaa kooni ni siku niliyorudi gereji.

Nilikwenda na mdogo wangu wa kiume, ambaye alikuja tu kunisaidia kusukuma. Pikipiki hajui hata kuiwasha. Namweleza fundi mkuu hatua kwa hatua, yeye anamtazama mdogo wangu. Nikamuuliza kwa nini alichomelea nati, akageuka kwake akamwambia, "Mwambie dada yako apunguze mwendo kwenye matope." Nimesimama hapo hapo! Pikipiki ni yangu, kadi ina jina langu, pesa nimetoa mimi mkononi kwangu, halafu natumiwa salamu kupitia mdogo wangu ambaye nimemlea. Mdogo wangu akamjibu kwa adabu, "Mzee, mwenye pikipiki ni huyu, ongea naye." Akacheka. Akasema matope ni matope, hakuna pikipiki isiyokwama.

Si kweli. Nimefuatilia sana habari za kugeuza pikipiki. Kule Marekani na Kanada watu wanachukua pikipiki za porini, nyingi za injini ya cc 450, wanapanda nazo milima yenye theluji. Wanatoa gurudumu la mbele wanaweka ski, ule ubao wa kutelezea kwenye theluji, nyuma wanatoa gurudumu pamoja na mkono unaolishikilia wanafunga mkanda mpana wa mpira wenye meno marefu, unaoendeshwa kwa mnyororo kutoka kwenye injini ile ile. Kampuni ya Timbersled ya Sandpoint, jimbo la Idaho, Marekani, walijijengea jina kwa kazi hiyo mpaka kampuni ya Polaris ikawanunua mwaka 2015. Vifaa vyao vina sehemu za kufungia za kila modeli, kwa sababu ekseli na foku, ile miguu inayoshika gurudumu la mbele, hazifanani, na mnyororo usiponyooka utajila wenyewe. Hata joto la injini wanalifikiria: kwenye theluji injini inapoa kupita kiasi, kwa hiyo wanaziba rejeta na kuweka themostati, kifaa cha kudhibiti joto. Kwetu ni kinyume. Boxer inapozwa na upepo, matope yakijaa kwenye mapezi ya kupozea ya silinda inachemka. Kumbe kugeuza pikipiki ni kufikiria kwanza inakwenda kupita wapi. Nilimwambia yule mzee hayo yote, akaendelea kumwangalia mdogo wangu.

Nilitaka kuishia hapa niwaambie msikanyage kabisa. Lakini haki itendeke: kuna kijana pale aliyefunga spoketi, na kazi yake sijaona mfano. Aliongeza pingili za cheni badala ya kulivuta gurudumu mbele. Akaniinamisha akanionyesha alama za pande zote mbili kwenye mkono wa nyuma, kwamba zimelingana. Akaniambia mapema kabisa kwamba mlimani nitapata nguvu ila kwenye lami mwendo utapungua na injini italia zaidi, na nikaze tena cheni baada ya safari ya kwanza kwa sababu ikiwa mpya inalegea. Kila alichosema kimetokea hivyo hivyo. Vilima vya Kisarawe napanda na mzigo bila kushuka. Tairi nazo ni nzuri, walizifunga vizuri, hazijawahi kupwaya.

Kwa hiyo nilikuwa tayari kuipa gereji alama ya wastani. Kisha nikaomba nirudishiwe pesa ya madigadi, yule mzee akasema ya juu anaweza kunifungia, ila niongeze pesa. Niongeze! Kazi niliyokwisha kuilipia!

Nikaondoka. Nilinunua madigadi ya juu ya plastiki kwenye mtaa wa Gerezani, fundi mwingine jirani na nyumbani akakata ile takataka kwa grenda, akatengeneza kishikio, akafunga kwa nati zinazofunguka. Kazi ya muda mfupi tu, na bei haikuniumiza. Masika hii hii nimepita mteremko ule ule na mvua ikinyesha, udongo unaruka juu unadondoka, gurudumu linazunguka.

Ukilazimika kwenda pale, mtafute kijana wa spoketi, na usitoe pesa ya mwisho mpaka kila nati umeifungua na kuifunga mwenyewe kwa spana. Mimi sirudi mpaka fundi mkuu anirudishie pesa yangu na aniombe radhi mimi, ana kwa ana, si kupitia mdogo wangu. Namba yangu anayo, ameiandika mwenyewe kwenye risiti.