Baindingi Laini za Fristaili: Ipi Kwanza, Ipi Mwisho

Namba ya ulaini inayochapwa kwenye boksi la baindingi za ubao wa theluji, yaani vifaa vinavyoshika mabuti ubaoni, kuanzia 1 hadi 10, haina kipimo cha pamoja. Kila kampuni hujipangia yake. Tatu ya kampuni moja yaweza kuwa tano ya nyingine, na hata zikilingana, namba haikuambii ulaini wenyewe umewekwa wapi. Hapo ndipo wanunuzi wengi wa fristaili, yaani mtindo wa kuruka na kuteleza juu ya reli (mabomba ya chuma) na maboksi, wanapokosea. Mgongo na kitako vikiwa laini, ubao unacheza na mguu unacheza. Mkanda wa kifundo ukiwa laini, buti linahama ndani ya baindingi kila unapotua, na unaanza kuulaumu ubao usio na kosa.

Majina ya sehemu kwanza, tusipotezane. Kitako ni bamba linalolala juu ya ubao. Diski ni duara la katikati linaloshikwa na skrubu. Kitanzi cha kisigino ni upinde unaozunguka nyuma ya buti, na mgongo ni kile kibao kinachosimama nyuma ya shavu la mguu. Kisha kuna mkanda wa kifundo na mkanda wa vidole, kila mmoja na ulimi wake wa meno na racheti ya kuukazia.

Ikague kwa mkono kabla ya kusoma karatasi

Shika ncha ya mgongo uisukume kushoto na kulia. Inatakiwa iende kidogo na irudi yenyewe. Sasa ivute kinyumenyume: huku isikubali kirahisi, maana ndiko uzito wako unakoegemea unapopanda ukingo wa ubao ulio upande wa kisigino. Baindingi nzuri ya fristaili hulegea kiupande na hukaza kinyuma. Inayolegea pande zote ni ya kuchezea kwenye mteremko wa kujifunzia tu, na inayokaza pande zote haitakuruhusu kunyoosha mguu mmoja hewani ukiwa umeshika ukingo wa ubao.

Halafu ingiza buti lako mwenyewe, si la dukani. Kisigino kiguse mwisho wa kitanzi. Ukiona nafasi ya kupenyeza kidole kati ya buti na ukuta wa pembeni, saizi ni kubwa. Funga mikanda, simama, jaribu kunyanyua kisigino. Kikinyanyuka ilhali mkanda umekazwa, hiyo iache hata kama mgongo wake umekupendeza. Angalia pia ulimi wa meno wa mkanda wa kifundo: racheti ikikaa kwenye meno mawili matatu ya mwisho, ya mwanzoni kabisa au ya mbali kabisa, mkanda haujapimwa kwa buti lako. Baindingi nyingi zina njia ya kuusogeza mkanda bila kifaa, kwa hiyo usogeze kwanza kabla ya kuikataa.

Jambo moja husahaulika: plastiki hukakamaa kwenye baridi. Mgongo unaouona umelegea kidogo kwenye joto la duka utakuwa mgumu zaidi nje. Usiuadhibu kwa hilo.

Uzito wako nao umo kwenye hesabu. Mtu wa kilo 55 na mtu wa kilo 90 wakivaa baindingi ileile, wa pili ataiona laini zaidi kwa sababu anaikunja zaidi. Aliye mzito apande daraja moja kuelekea ugumu wa kati. Buti nalo: buti gumu ndani ya baindingi laini huusukuma mgongo upande ovyo, na faida yote ya ulaini hupotea kwa kuwa kifundo kimefungwa tayari na buti lenyewe.

Mpangilio wetu

Nafasi ya kwanza tunaipa baindingi ya ulaini wa kadiri yenye diski ndogo. Union Contact Pro ni mfano unaofahamika. Diski ikiwa ndogo, sehemu ngumu iliyokandamizwa juu ya ubao hupungua, na ubao hupinda chini ya mguu badala ya kupinda mbele na nyuma ya mguu tu. Utaihisi tofauti hiyo unapoegemea mkia wa ubao na kuinua pua yake, au unapopinda ubao juu ya boksi la kutelezea. Tunaiweka juu kwa sababu inaupata ulaini kutoka kwenye kitako bila kuunyima mgongo nguvu. Siku ukitoka kwenye reli na kwenda kwenye mruko wa mita kumi, bado unatua ukiwa na kitu cha kuegemea. Kasoro yake ni kwamba diski ndogo kwa kawaida hukupa nafasi chache za kusogeza baindingi mbele au nyuma kidogo kidogo. Mwenye mguu mkubwa anayetaka vidole na kisigino vitokeze sawasawa nje ya kingo aijaribu juu ya ubao wake kabla ya kulipa.

Ya pili ni mtindo wa Salomon unaoitwa ShadowFit, ambao umo pia kwenye Hologram. Badala ya kitanzi kigumu, nyuma ya kisigino kuna kikombe kinachonyumbulika kilichofungamanishwa na kitako. Kinalikumbatia buti na kuliacha lipinde kiupande. Kwa wapenzi wa kushika ubao hewani na kuupindisha, hakuna inayoachia mguu vizuri hivi. Mbona basi haikuwa ya kwanza? Kwa sababu kwenye kasi, hasa theluji ikiwa imeganda, amri ya kisigino huchelewa kidogo kuufikia ukingo. Buti pana sana pia hubanwa pembeni.

Ya tatu ni baindingi ya EST ya Burton, kwa masharti: ubao wako uwe na mfereji wa Channel, ule mrefu unaochukua nafasi ya mashimo ya skrubu. Bila mfereji huo haifungiki kabisa. EST haina diski ya katikati. Skrubu zake hushika pembeni mwa kitako, kwa hiyo chini ya unyayo hubaki sponji badala ya chuma na plastiki. Upana na pembe za kusimamia unazipanga utakavyo, huhesabu mashimo. Malavita, modeli ya Burton, huuzwa kwa muundo huu, ingawa mgongo wake si laini sana. Ulaini wake wengi huuhisi chini ya nyayo. Skrubu za mfereji zikilegea baindingi nzima huteleza, kwa hiyo kila asubuhi ziguse na bisibisi.

Ya nne, kampuni ya Now na mfumo wake wa Skate-Tech. Kitako huyumba juu ya mhimili na kupeleka uzito kwenye pembe nne zenye vipande vya mpira, ambavyo unaweza kuvibadilisha kwa vigumu au laini zaidi. Ni werevu, na hupunguza uchovu wa nyayo. Lakini mwitikio wake ni wa haraka, na anayetafuta ulegevu wa kusamehe makosa anaweza kujikuta amenunua kinyume chake.

Ya tano ni kundi ambalo wengi hulikimbilia kwanza: baindingi laini kabisa, zenye namba za chini, kama Burton Freestyle na Union Flite Pro. Hazina ubaya wowote kwa anayejifunza, kwa mtu mwepesi, au kwa anayeshinda kwenye reli fupi na michezo ya ardhini. Ni nyepesi na hazina vitu vingi vya kuharibika. Taabu huanza anapoongeza kasi: mgongo unakubali kabla ya ubao kugeuka, mkia unadundadunda, na mtelezaji anafidia kwa kukaza mikanda mpaka mguu unakufa ganzi. Sponji ya chini ya kisigino nayo mara nyingi ni nyembamba, na kutua pabaya kwenye sehemu bapa utakusikia magotini.

Zile za kuingia bila mikanda tumeziweka mwisho kwa kazi hii tu. Kwa kuokoa muda zinashinda zote, ila zinahitaji buti lake maalumu, na kifundo hakizungukwi na mkanda unaoweza kuulegeza upendavyo kabla ya reli.

Kufunga ubaoni

Mashimo ya ubao huwa na mpangilio wa sentimita 4 kwa 4, au 2 kwa 4, au mfereji. Hakikisha diski inaukubali wa kwako. Skrubu ni za M6, yaani za kipenyo cha milimita 6, na nyingi hufungwa kwa bisibisi ya msalaba namba 3. Ya namba 2 itaingia, lakini italika kichwa cha skrubu. Kila mzunguko mmoja huzamisha milimita moja. Ikikaza kabla ya mizunguko mitano hivi, skrubu ni fupi au imeingia mshazari. Itoe uanze upya. Ikiwa ndefu mno itasukuma upande wa chini wa ubao kutoka ndani na kuacha kivimbe chini. Kaza kwa nguvu ya mkono, kwa msalaba, kidogo kidogo zote nne. Teleza saa moja, kisha kaza tena.

Kwa fristaili anza na pembe za nyuzi 15 mbele na 15 kinyume nyuma, au 12 na 12 kama magoti yanalalamika. Mwinamo wa mgongo uweke sifuri. Kisha legeza skrubu za pembeni na uzungushe mgongo mpaka ulingane na ukingo wa ubao. Wengi hawajui kwamba unazunguka, na mgongo usiozungushwa hukuchoma upande mmoja wa shavu la mguu siku nzima.

Ukinunua iliyotumika, toa diski na utazame duara la kitako kwa mwanga wa pembeni. Mistari myeupe kwenye plastiki ni dalili kwamba imeanza kuchoka na ufa uko njiani. Angalia pia skrubu zinazoshika kitanzi cha kisigino. Ndimi zilizolika meno na racheti zinazoteleza zisikutishe: hubadilishwa kwa dakika tano, na seti ya akiba, ulimi mmoja, racheti moja na skrubu mbili za M6, inastahili kukaa mfukoni kila siku ya kuteleza.