Maiki mbili, kadi mbili za sauti na chumba kimoja: uzoefu wangu

Sikio hupenda chenye sauti kubwa. Weka maiki mbili bega kwa bega, moja iizidi nyingine kwa desibeli moja tu, utaapa kwamba hiyo ndiyo safi, nzito na ya kitaalamu. Video nyingi za kulinganisha maiki zinaanguka hapo hapo. Kwa hiyo siku hizi narekodi kipande kilekile kwa kila kifaa, nasawazisha mafaili kwa mita ya LUFS, ambayo hupima ukubwa wa sauti kwa namna inayokaribia masikio yetu, kisha nampa mtu mwingine ayachezeshe bila kuniambia lipi ni lipi. Tathmini yote hii imepita kwenye chujio hilo, na kuna sifa nyingi za vifaa ambazo hazikutoka salama.

Vifaa vyenyewe: maiki ya dainamiki (isiyohitaji umeme ili ifanye kazi), yaani Shure SM7B; maiki ya kondensa (inayohitaji umeme), yaani Rode NT1 kizazi cha tano; kadi ya sauti, kile kisanduku kinachounganisha maiki na kompyuta, ya bei ya chini ambayo jina lake nalihifadhi; na nyingine ya daraja la kati. Nilirekodi masimulizi, uimbaji na gitaa kavu lisilo la umeme, kwanza chumbani kwangu, halafu kwenye studio ya kulipia yenye buthi, kile kijichumba cha kurekodia kisichopitisha sauti, na fundi mitambo wake.

Nianze na SM7B kwa sababu ndiyo inayoulizwa zaidi. Lalamiko la kawaida ni kwamba "haina nguvu" na ina kelele ya shhh. Karatasi ya vipimo inaeleza kila kitu: unyeti wake, yaani nguvu ya umeme inayotoa ikipokea sauti, ni -59 dBV, wakati NT1 ni -32 dBV (inayokaribia sifuri ndiyo yenye nguvu zaidi). Hiyo ni tofauti ya desibeli 27, na lazima mtu aizibe, na huyo mtu ni kadi yako ya sauti. Shure wenyewe wanataka geini, yaani ukuzaji wa sauti ya maiki, ya angalau desibeli 60. Kwenye kadi ya bei ya chini ilibidi nizungushe geini hadi mwisho, na kila nilipovuta pumzi kati ya sentensi mbili, shhh ikajaza pengo lote. Nikahamishia maiki ileile, kwa waya uleule, kwenye kadi ya kati: pengo likawa kimya. Maiki haikuwa na kosa lolote. Kisha nikaichomeka NT1 kwenye kadi ile dhaifu, nikawasha umeme wake wa volti 48, geini ikaishia katikati na kelele sikuisikia. Ndiyo maana ukiniuliza "maiki gani nzuri?" nitakuuliza kwanza unaichomeka wapi.

Kwa sauti yenyewe, nina sentensi mbili za kupimia. Ya kwanza ni "Popo alipita pale palipopigwa pigo", kwa ajili ya pumzi. Ya pili ni "Saida hasinzii siku sita sasa", kwa ajili ya ile miluzi ya s. SM7B, yenye sifongo yake nene, iliwameza popo wote hata mdomo ukiwa karibu kuigusa. NT1 bila pop filta, ile wavu ya kuzuia pumzi mbele ya maiki, ilipiga kishindo kwenye kila p. Ikiwekewa filta na kugeuzwa pembeni kidogo, ikatulia. Kwenye sentensi ya Saida mambo yakageuka: SM7B ilizilainisha s kiasi kwamba msimulizi mwenye sauti nzito alisikika kama amejifunika shuka, na NT1 ikaleta kila herufi mahali pake. Kuna swichi mgongoni mwa SM7B inayoinua masafa ya kati na ya juu kidogo. Kwa sauti yangu naiacha imewashwa daima.

Sasa, ile imani kwamba dainamiki "haichukui kelele za chumba". Hii imenichosha kuisikia. Nilizisimamisha maiki zote mbili kwenye umbali uleule kutoka mdomoni, nikasawazisha, nikaacha feni iendelee kuzunguka. Feni ilisikika karibu sawa kwenye zote! Kondensa ilileta zaidi yale masafa ya juu ya mwangwi, basi. Kinachofanya dainamiki ionekane safi ni kwamba watu huibana mdomoni, huku kondensa wakiisogeza mbali kama kamera ya harusi. Ukisogea karibu na kondensa nayo itakuheshimu, ila angalia besi, maana maiki hizi zote za kadioidi, yaani zinazosikia zaidi upande wa mbele, huongeza uzito kadiri unavyozikaribia.

Chumba changu kina urefu wa mita 3. Sauti husafiri mita 343 hivi kwa sekunde, kwa hiyo kati ya kuta mbili za namna hiyo wimbi la takriban hezi 57 hujirudia na kujijenga. Huko ndiko lilipo gitaa la besi na kiini cha ngoma ya mguu. Spika za studio, hata ziwe za gharama gani, hapo zinadanganya: ukikaa katikati ya chumba noti hiyo inatoweka, ukiegemea ukuta inanguruma. Povu jembamba la kubandika ukutani halifanyi lolote kwa wimbi refu namna hiyo; linakata miluzi ya juu tu na kukiacha chumba kikiwa butu juu, kizito chini. Paneli za sufi ya mawe zenye unene wa sentimita 10 na zaidi, zikiachiwa nafasi nyuma yake na kuwekwa kwenye kona, ndizo zilizonisaidia kuliko kifaa chochote nilichochomeka kwenye umeme.

Studio ya kulipia ilinifundisha kitu kingine. Priampu zake za kifahari, yaani vikuza sauti vya maiki, baada ya kusawazisha, sikuweza kuzitofautisha na kadi yangu ya kati kwenye masimulizi. Kwenye gitaa nilihisi tofauti, ndogo, na nisingeweka dau. Kilichostahili malipo ni ukimya. NT1 ina kelele yake ya ndani ya 4 dBA tu, sifa ambayo chumbani kwangu haina kazi kwa sababu friji la jirani linaizidi mbali. Ndani ya buthi nilisikia kucha zikigusa nyuzi. Na juu ya meza ya fundi kulikuwa na Yamaha NS-10 zenye koni nyeupe, spika zilizotoka 1978 kwa ajili ya sebule na zikaishia studio. Hazipendezi kusikiliza hata kidogo. Lakini sauti ya mwimbaji ikiwa imezidi au imefichwa, zinakwambia papo hapo.

Mengine kwa haraka. Kurekodi kwa kilohezi 48 (sampuli za sauti 48,000 kwa sekunde) na biti 24 (usahihi wa kila sampuli) kunatosha. Kilohezi 192 zinajaza diski tu kwa kazi kama zangu. Hedfoni za kurekodia ziwe za kufunga, zisizovujisha sauti nje, la sivyo mlio wa metronomu utaingia kwenye maiki. Kadi ya bei ya chini ilikwaruza kila niliposhusha bafa, yaani fungu la sauti ambalo kompyuta huchakata kwa mkupuo, chini ya sampuli 512, na kwa kilohezi 48 hizo ni zaidi ya milisekunde 10 za kuchelewa upande mmoja tu, mwimbaji anazihisi. Kama kadi ina kitufe cha kujisikia moja kwa moja kabla sauti haijapita kwenye kompyuta, tatizo hilo halikuhusu.

Maiki zote mbili nimebaki nazo: SM7B kwa uimbaji wa nguvu na mazungumzo ya watu wawili mezani, NT1 kwa gitaa na masimulizi usiku, barabara ikishatulia. Kadi dhaifu iko kwa rafiki anayerekodi kwa kondensa, na hajawahi kuniuliza kuhusu kelele.