Kampuni iliyotujengea maabara na nyumba ya panya Entebbe

Kampuni ya Kampala iliyotusanifia na kutujengea maabara pamoja na nyumba ya panya wa utafiti inastahili sifa kwa jambo moja hasa: kabla ya kuchora chochote, iliwauliza wahudumu wa panya wanapita wapi na vizimba vichafu. Ndiyo maana leo njia ya vizimba safi haikutani na ile ya vichafu, na sakafu ya epoksi, yaani plastiki ngumu isiyo na maungio, imepandishwa ukutani kwa mviringo ili uchafu usipate pembe ya kujificha.

Hewa ndiyo iliyotusumbua. Vyumba vya panya huhitaji hewa ibadilishwe mara 10 hadi 15 kwa saa, na siku ya makabidhiano mitambo iliweza. Lakini vichujio viliwekwa bila wavu wa kuzuia visubi wa Ziwa Victoria, ambao kila mkazi wa Entebbe anawajua, vikaziba upesi. Jenereta nayo iliunganishwa na taa na majokofu tu, hivyo umeme ulipokatika feni zilisimama na harufu ikafika maabara. Walirudi wakarekebisha bila ubishi, ingawa wavu tulilipia wenyewe. Bei yao ni ya juu. Atakayewapa kazi ahakikishe feni zimetajwa kwenye mkataba wa jenereta.