Ukienda kununua kaseti ya Game Boy, beba bisibisi

Hii naandika nikiwa na hasira kidogo kwa hivyo mnivumilie. Mwezi uliopita nilinunua Pokémon Silver, kaseti ya gemu ya Game Boy (ile mashine ya Nintendo ya kushika mkononi), kwa jamaa mmoja ako na kastoli ndani ya eksibisheni hapa tao, zile za kupanda ngazi mpaka pumzi iishe. Elfu tatu na mia tano. Akaidunga kwa mashine mbele yangu, muziki ukalia, picha ikatokea, akaniangalia na uso wa mtu amemaliza kazi. "Si unaona madam, iko fiti. Ni ya kijana wako?" Nikamwambia ni yangu, akacheka, nikatuma M-Pesa nikaenda.

Usiku huo nikacheza masaa matatu. Nikasevu, nikazima, nikalala. Asubuhi niko kwa matatu, jam ya Roysambu haisongi, nikatoa mashine niendelee. Mahali pa kuendelea hapakuwa. Ilikuwa inanipa tu kuanza upya. Na hii gemu ikianza upya kitu ya kwanza inakuuliza ni saa ngapi, kwa hivyo fikiria, jana tumekaa na wewe mpaka saa sita za usiku, nimekulea kutoka kijijini kwenu, leo unaniuliza saa ngapi kama watu wamekutana stage.

Sasa kwa sababu ndani ya hizo wiki watu wanne walikuwa wameniuliza "nikitaka kukusanya gemu za zamani nianzie wapi", wacha nijibu wote pamoja. Mambo ya gemu gani ni adimu, gani itapanda bei, boksi liwe limekunjika kiasi gani, hayo nawaachia wenye wanapenda kuweka vitu kwa kabati la kioo. Mimi nanunua gemu nicheze. Na swali langu ni moja tu: hii kitu bado inaweza kukumbuka? Kwa sababu kaseti nyingi za zamani zina betri ndani. Ndiyo, ndani ya kaseti yenyewe, sio kwa mashine. Mnashangaa, hata mimi nilishangaa, na nimecheza tangu niko darasa la tatu.

Iko hivi. Ukisevu, ile habari inakaa kwa chipu inayotaka moto kidogo kila saa, hata mashine ikizimwa, na huo moto unatoka kwa kabetri ka duara kama ka saa. Kakiisha, ukizima tu kila kitu kimeenda. Pokémon Gold na Silver, zile za 2000 kule Marekani na 2001 Ulaya, ni mbaya zaidi kwa sababu betri hiyo hiyo inaendesha na saa ya ndani ya gemu, usiku na mchana, kwa hivyo huisha mapema kuliko za Red na Blue zilizotangulia. Hesabu miaka. Kama hakuna mtu amewahi kuifungua hiyo kaseti kubadilisha, chukulia imekufa ama iko njiani.

Kwa hivyo orodha yangu naipanga nikiangalia hapo, na sitajifanya sina upande. Mimi ni mtu wa Nintendo, tena zile za kushika mkononi. Stima ikipotea naendelea kucheza, nyumba yangu haina nafasi ya mashine tano chini ya TV, na kaseti ya Japani inaingia kwa mashine ya Uingereza na inacheza bila maneno. Mashine za kuweka kwa TV hazina hiyo heshima.

Namba moja ni Game Boy Advance, ya 2001, na kama unaweza pata SP ya 2003, ile inakunjika, chukua hiyo. Ina taa, ina betri ya kuchaji, na chaja ya Nintendo DS ile ya kwanza kabisa inaingia, kwa hivyo usikubali kuuziwa chaja "spesheli" na bei spesheli. (Earphone haina shimo, inataka adapta. Sijui nani alikaa kwa mkutano akapitisha hiyo.) Hii mashine inameza pia kaseti za Game Boy na Game Boy Color, kwa hivyo umenunua moja umepata tatu. Lakini sababu yenyewe ni kaseti. Nyingi za Advance zinasevu kwa chipu isiyohitaji betri. Pokémon FireRed na LeafGreen za 2004 hazina betri kabisa. Ruby, Sapphire na Emerald ziko nayo lakini ni ya saa tu. Ikikufa gemu inakuambia waziwazi ukiwasha, matunda uliyopanda yanakataa kukua, ila safari yako iko salama. Kwa hivyo muuzaji akikuambia "hiyo meseji ni kawaida" kwa Ruby, safari hii moja hajadanganya. Teremsha bei tu.

Shida ya Advance ni feki, na Nairobi feki ni nyingi kuliko oriji, hasa Emerald. Igeuze kaseti kwa mwanga uangalie upande wa kulia wa stika: oriji huwa na namba ndogo imegongwa ikaacha alama, si ya kuchapishwa, unaihisi hata na ukucha. Halafu chungulia pale chini kwenye meno ya dhahabu, juu yake kidogo unafaa kuona jina Nintendo kwa ubao wa ndani. Skurubu pia: oriji ina mdomo wa mikono mitatu kama nembo ya Mercedes, ukiona ya msalaba, rudisha pole pole na uende. Feki zinacheza vizuri tu, na ndio utamu wa mtego wenyewe, kwa sababu nyingi ndizo zinakufutia sevu ukiwa umefika mwisho kabisa.

Namba mbili ni Game Boy yenyewe ya 1989 na Color ya 1998, na hapa ndio tunarudi kwa maumivu yangu. Nazipenda sana. Ukiogopa betri anza na zile ambazo hazikuwahi kusevu chochote, Tetris kwa mfano, alama zako zinaondoka ukizima na hakuna mtu alikuahidi vingine. Lakini ukitaka Pokémon ama Zelda, jaribu hivi ukiwa hapo hapo dukani. Anzisha gemu mpya, ukifika tu mahali unaweza tembea, sevu. Zima. Toa kaseti nje. Hapa watu wengi wanakosea, wanawasha papo hapo wanaona imeshika wanafurahi, na chipu inaweza kukudanganya sekunde kadhaa na moto uliobaki. Ngoja. Uliza bei ya kitu kingine, piga stori ya mvua, dakika tano ziishe, ndio urudishe. Muuzaji ataanza kuhema. Mmoja aliniambia "mathe unanichelewesha, kuna kastoma wengine." Nina miaka thelathini na sita. Na stoli ilikuwa tupu.

Bisibisi ya kufungua hizi kaseti za Game Boy na Color inaitwa gamebit, milimita 3.8, haipatikani kwa hardware ya kawaida. Mimi nilichoma mfuniko wa nyuma wa kalamu ya Bic kwa moto wa gesi, plastiki ikalainika, nikaigandamiza juu ya skurubu nikaacha ipoe, ikatoka na umbo la skurubu yenyewe. Ilifungua kaseti mbili kabla ivunjike. Ndani ya Silver yangu nikakuta betri CR2025. Hizo namba zinasoma hivi: upana milimita 20, unene 2.5. Inafaa kutoa volti 3, mita ya fundi ikasoma 0.4. Maiti.

Na hapo nikaingia kwa balaa ya pili. Fundi wa kwanza alitoa ya zamani akaweka mpya na selotepu. Selotepu! Nikaweka kaseti kwa mkoba, ikatikisika mara mbili, nikaulizwa tena saa ngapi. Fundi wa pili, kijana mpole asiyeongea sana, akanionyesha: unataka betri iliyo na masikio, vile vibati viwili vimeshikanishwa nayo kiwandani, unachoma waya kwa masikio na sio kwa betri yenyewe kwa sababu joto litaiua kabla ianze kazi. Dakika kumi, mia tatu, nikamwongezea soda. Kwa hivyo bajeti yako ya kaseti ya zamani ni bei ya kaseti na fundi juu, na ukiulizwa kwa nini unaomba kupunguziwa, sema hivyo.

PS2 naiweka ya tatu na najua nitatukanwa. Wengi wetu tulilelewa na hiyo mashine kwa kibanda cha mtaa, shilingi kumi mechi, aliyefungwa anaamka. Ilitoka 2000, ziliuzwa zaidi ya milioni 150, haitapotea leo. Sevu zake ziko kwa memori kadi, hazina betri, hiyo nampa Sony. Lakini chukua kadi oriji ya MB 8, zile zimeandikwa MB 128 na bei ya chapati nimeziona zikimeza msimu mzima wa mpira. Na diski, ukitaka kukusanya na sio kucheza tu, utalia, kwa sababu karibu kila PS2 niliyokutana nayo hapa imechipiwa, yaani imewekwa chipu ya kucheza diski za kunakiliwa, na diski zake zimeandikwa na makapeni.

Nintendo 64 ni ya nne na ni ya kujua unachonunua: Super Mario 64 haina betri, Ocarina of Time ya 1998 iko nayo. Ikiwa imetoka Japani ama Marekani angalia moto wake kwanza, kule ni volti 100 na 120, hapa ni 240, utasikia paf na harufu.

Sega sijawahi kuipenda. Lakini mashine yao ya Saturn ya 1994 betri yake iko nyuma chini ya kifuniko, unabadilisha kama ya rimoti. Walijua. Kumbe iliwezekana!

Zile mashine za bei ya chini za kaseti ya njano, 9999 kwa moja, nunulia mtoto. Bunduki yake ya gemu ya kupiga bata haifanyi kazi kwa TV bapa, inataka ya kichogo. Basi.

Kitu kinanichosha kuliko betri ni wauzaji wa mtandaoni. Anapiga picha moja, ya mbali, kaseti iko juu ya kitanda, ameandika "RARE ex-UK" na bei njoo inbox. Ukienda inbox unaulizwa uko wapi kwanza, ndio bei ijue itavaa nini. Halafu ameangalia eBay mtu anaomba pesa ngapi kwa iliyo na boksi na kitabu, akageuza shilingi, akaongeza ya usumbufu, na yake haina hata stika nzuri. Mtu kuomba bei si kuuza jamani.

Saa hii natafuta Pokémon Crystal. Kuna mmoja ako nayo Umoja, anasema elfu sita, haijawahi funguliwa, ni kama mpya. Nikamwambia hiyo haijawahi funguliwa ndio inaniogopesha, anitumie video akisevu, akizima, akingoja dakika tano. Ni wiki ya pili. Tiki za buluu mbili.