Miezi sita ya darasa la jioni la Kifaransa Mji Mkongwe: uzoefu wangu wa kurudia mtihani wa kidato cha nne

Tathmini hii naiandika kwa ajili ya wanafunzi na wazazi wa Unguja na Pemba wanaotafuta mahali pa kujitayarishia mtihani wa Kifaransa wa kidato cha nne, kwa sababu mwaka nilioamua kurudia somo hilo nilizunguka kuanzia Darajani hadi Kikwajuni nikiuliza, na sikumpata mtu aliyeweza kunieleza kwa uwazi ni kitu gani hasa ninachokwenda kukilipia. Mimi ni mtembeza watalii katika mashamba ya viungo ya Kizimbani, na Kifaransa ndicho kinachonipatia riziki. Nilipomaliza skuli nilipata D katika somo hili, yaani alama kati ya 30 na 44. Niliporudia kama mtahiniwa wa kujitegemea, baada ya miezi sita ya darasa ninalolieleza hapa, nilipata B, ambayo huanzia 65 na kuishia 74.

Nilipoingia darasani nilikuwa nikiamini kwamba mtu anayezungumza na wageni kutwa nzima hahitaji kufundishwa upya, bali anahitaji kukumbushwa kanuni mbili tatu za sarufi na kupewa karatasi za mitihani iliyopita. Sikujua kuwa sikio haliwezi kumfundisha mtu tahajia ya Kifaransa. Maneno parler, parlé na parlez hutamkwa kwa sauti moja, ilhali la kwanza ni kusema, la pili hutumika kwa tendo lililokwisha kupita, na la tatu ni mnasema. Mgeni aliyesimama nami chini ya mkarafuu halisikii kosa langu kwa kuwa kosa lenyewe halina sauti. Msahihishaji wa mtihani hulikuta katika kila mstari.

Darasa hufanyika siku tatu kwa wiki, baada ya swala ya magharibi, katika chumba cha ghorofani kwenye mojawapo ya nyumba za zamani za Mji Mkongwe. Ada niliyolipa ilikuwa shilingi 40,000 kwa mwezi, pamoja na karatasi za kopi. Tulikuwa wanafunzi kumi na wanne, wengi wao vijana wa skuli, na mwalimu wetu ni mtu mzima mwenye asili ya Ngazija, kisiwa cha Komoro, ambaye sote tulimwita Maalim. Asili yake haikuwa jambo dogo kwetu. Kifaransa ni mojawapo ya lugha rasmi za Visiwa vya Komoro, pamoja na Kikomoro na Kiarabu, na Kikomoro chenyewe ni ndugu wa karibu wa Kiswahili, kwa hiyo Maalim alijua kwa uzoefu wake mwenyewe ni wapi ulimi na mawazo ya mtu wa huku hukwama.

Jambo lililonifanya niridhike kulipa ada ile mwezi baada ya mwezi ni imla. Kila kipindi kilianza kwa imla ya mistari minane au tisa, iliyosomwa mara tatu: mara ya kwanza tusikilize tu, mara ya pili tuandike, mara ya tatu tuhakiki. Maalim alikusanya madaftari na kuyarudisha kipindi kilichofuata, na hakusahihisha neno hata moja. Alichora duara kwa kalamu nyekundu mahali penye kosa na kumwachia mwenye daftari kazi ya kulitafuta na kuliandika upya. Imla yangu ya kwanza ilikuwa na miduara thelathini na mmoja. Nilikaa nayo barazani hadi usiku mkubwa, na nusu ya makosa hayo yalikuwa ya aina moja, ya miishio ya vitenzi inayofanana sauti. Dawa aliyotupa ni rahisi na ndiyo niliyoingia nayo katika chumba cha mtihani: ukishuku kama uandike -er au -é, weka mahali pake kitenzi vendre, kuuza. Ukiweza kusema vendre, andika -er. Ukilazimika kusema vendu, andika -é. Je vais vendre (nitauza), basi je vais manger (nitakula). J'ai vendu (nimeuza), basi j'ai mangé (nimekula). Kanuni hii ingeweza kufundishwa kwa dakika tano katika skuli yoyote, lakini haiingii mkononi mpaka mtu aitumie mara mia, na imla ndiyo iliyotupa hizo mara mia.

Jinsia za nomino Maalim alizifundisha kwa njia ambayo sikuwahi kuikuta kwingine. Badala ya kutuambia kwamba Wafaransa huona meza kuwa ya kike, jambo linalomfanya mwanafunzi atafute ujike wa meza asiuone, alituuliza kwa nini tunasema kiti kimevunjika na viti vimevunjika, wala hatusemi kiti imevunjika. Tulijibu kwamba ni ngeli. Akasema Kifaransa nacho kina ngeli mbili, le na la, na kwamba anayejua Kiswahili amekwisha kuzoea tangu utotoni kuifanya sentensi nzima ifuate nomino yake. Tangu siku ile upatanisho wa il est parti (ameondoka, mwanamume) na elle est partie (ameondoka, mwanamke) haukuwa tena mzigo kwangu. Tulibaki na kazi ya kukariri, na hata hiyo aliipunguza kwa kutufundisha miishio: maneno yenye -tion huwa ya la, yenye -ment na yenye -age kwa kawaida huwa ya le. Kisha akataja yaliyotoka nje ya kanuni, la page (ukurasa), l'image (picha), la plage (ufukwe), na hapo nikainamisha kichwa. Kwa miaka mitano nilikuwa nikiwaambia wageni le plage, wakinielewa na kunishukuru, wala hapana hata mmoja aliyenisahihisha. Usiku huo niliandika upya orodha yangu ya viungo, kila kimoja na ngeli yake: le clou de girofle, la cannelle, la cardamome, le poivre, la noix de muscade, le curcuma, le gingembre, la vanille. Orodha hiyo naitumia shambani hadi leo.

Insha pia ilisahihishwa kwa uangalifu uleule, ingawa ni moja tu kwa wiki mbili, na kwa maoni yangu ilistahili kuwa kila wiki. Kosa langu kubwa katika barua lilikuwa kuchanganya tu, yaani wewe wa kawaida, na vous, yaani wewe wa heshima, kwa mtu mmoja. Kwetu heshima hubebwa na shikamoo, cheo au jina la ukoo, na wewe hubaki wewe. Katika Kifaransa kiwakilishi chenyewe ndicho kinachobeba heshima, na barua iliyoanza kwa Monsieur le Directeur haiwezi kumalizikia na tu.

Sasa niyaseme yaliyonikera, kwani yaligusa alama zangu. Karatasi za kopi zilikuwa mbovu. Zilitolewa kopi juu ya kopi kwa miaka, hadi alama zinazokaa juu ya herufi zikafutika au zikawa vitone visivyotambulika, na katika lugha hii alama hizo hubadili neno. Ou ni au, où ni wapi. A ni ana, à ni kwenye. Katika kifungu kimoja cha ufahamu kulikuwa na bwana aliyekwenda baharini kila alfajiri, na karatasi ilimwita pecheur bila alama yoyote. Pêcheur ni mvuvi na pécheur ni mtenda dhambi. Vijana wawili wa darasani waliandika jibu zima juu ya toba ya mtu huyo, nami sikuweza kuwalaumu. Anayelipa ada iliyojumuisha karatasi ana haki ya kupata karatasi zinazosomeka. Nilimweleza Maalim kwa heshima, akakubali, na kufikia mwezi wa tano karatasi za sarufi zilikuwa zimechapwa upya. Za ufahamu zilibaki vilevile hadi nilipoondoka.

La pili ni mazoezi ya kusikiliza, ambayo yalianza kwa kuchelewa na kufanywa kwa haraka. Mimi sikuathirika, kwa kuwa wageni ndio waliokuwa mazoezi yangu, lakini vijana wasiokutana na Wafaransa walikuwa wakisikia sauti moja tu, ya Maalim. Yeye mwenyewe aliwashauri wafuatilie taarifa ya habari ya dakika kumi ya RFI, redio ya kimataifa ya Ufaransa, inayosomwa kwa Kifaransa chepesi, ambayo hupatikana bure kwenye intaneti pamoja na maandishi yake. Wachache waliofuata ushauri huo walionekana tofauti baada ya mwezi mmoja. Ningependa jambo hilo lingefanywa darasani, si kuachiwa nyumbani kwa hiari.

Kwa hiyo, kwa anayeweza kuongea kidogo na kuandika kumemshinda, darasa hili nalipendekeza bila kusita, mradi aanze si chini ya miezi sita kabla ya mtihani wa Novemba. Kwa anayeanza mwanzo kabisa silipendekezi, kwani imla ya wiki ya kwanza itamkatisha tamaa. Kabla ya kulipa, omba kuona daftari la mwanafunzi wa zamani. Kama halina wino mwekundu, tafuta pengine.

Kwa walioko Pemba, Maalim hana tawi huko, lakini hupokea wanafunzi wachache kwa simu kwa nusu ya ada. Binti wa mjomba wangu aliyeko Wete, anayetarajia kufanya mtihani Novemba hii, ni mmoja wao: hupelekewa imla kwa ujumbe wa sauti, naye hupiga picha ukurasa wa daftari na kuurudisha. Mwezi wa kwanza alikuwa hapati zaidi ya makosa matatu, nikashangaa, hadi aliponieleza kwamba husikiliza ujumbe huo hata mara ishirini. Nikamwomba mkaza mjomba akae na simu yeye, ausikilizishe ujumbe mara tatu na kuizima. Wiki hiyo makosa yalipanda hadi ishirini na saba, na Maalim akamwandikia chini ya ukurasa kwamba hiyo ndiyo imla yake ya kwanza.