Sesheni za PHP: ukiweka namba safi, ukiweka objekti nzima jipange

Wakuu, sesheni (njia ya seva kumkumbuka mteja kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine) zinazokuja na PHP yenyewe, lugha ya kutengenezea tovuti, nazipa nyota tatu kati ya tano. Sifa zipo, zimo ndani tangu PHP 4 ya mwaka 2000, hulipii kitu wala huinstoli kitu, unaandika session_start() basi, mteja anapewa kuki ya PHPSESSID na vitu vyake vinakaa kwenye faili huko huko seva. Namba ya mteja, lugha anayotumia, vitu vidogo vidogo hivyo, inapiga kazi freshi kabisa.

Shida inaanza ukiweka objekti nzima, yaani data pamoja na fankisheni zake, tuseme kikapu cha duka chenye bidhaa na bei zake zote. Wengi wanadhani inabaki hai kwenye memori ikimngoja mteja arudi. Hamna bwana, rikwesti (ombi moja la mteja kwa seva) ikiisha PHP inaikunja iwe maandishi inayasevu, rikwesti ijayo inaikunjua upya. Sasa kama klasi yake (kodi inayoeleza objekti hiyo ikoje) haijapakiwa kabla ya session_start() na otolodi, ya kuipakia klasi yenyewe ikihitajika, huna, unarudishiwa dude linaitwa __PHP_Incomplete_Class, ukiita fankisheni yake inagoma. Na kama humo ndani kuna koneksheni ya databezi ya PDO (njia ya PHP kuongea na databezi) ndo kabisaa, haikunjiki, unakula eksepsheni, labda uandike __serialize (ipo kuanzia PHP 7.4) uchague kipi kibaki.

Halafu bei sasa. Bosi akipandisha bei ya sukari saa nne, aliyejaza kikapu saa tatu bado anaona ya zamani, maana ile ni kopi. Hili kwangu ndo baya kuliko yote, eror angalau unaiona, hii utaijua siku ya kufunga mahesabu.

Foleni nayo ipo, faili la sesheni linafungwa (lock) mpaka rikwesti iishe, kwa hiyo ajaksi tano (rikwesti ambazo ukurasa unatuma kimyakimya bila kujipakia upya) za mteja mmoja zinasubiriana, usipoita session_write_close() mapema utasingizia intaneti bure. Na muda wa kawaida wa sesheni ni sekunde 1440, dakika 24 tu, mteja akienda kula akirudi kikapu kinaweza kuwa hakipo.

Django, fremuweki ya tovuti ya lugha ya Python, tangu toleo 1.6 sesheni zao kwa kawaida zinasevu JSON tu, yaani data rahisi kama maandishi, namba na orodha, objekti ya klasi yako haipiti, na mimi naona wamefanya la maana. Kwenye PHP naweka namba za bidhaa na idadi, bei nasoma databezi kila rikwesti. Mwenye seva zaidi ya moja ahamishie sesheni Redis, hifadhi ya data ambayo seva zote zinaifikia, maana faili za seva hii ile nyingine haizioni.