TAHADHARI: Sindano za makunyanzi zinazotoka kwenye mkoba

Dada zangu, naandika haya kope ya jicho langu la kushoto ikiwa bado imelala. Wiki tatu zilizopita nilichomwa sindano za kuondoa makunyanzi hapa Dar, chumba cha nyuma cha saluni moja Sinza, na mama anayejitangaza Instagram kuwa mtaalamu wa ngozi. Jina silitaji, ila mtindo wake nauanika, maana bado anatafuta wateja.

Kwanza anataka nusu ya hela kwa simu ndipo akupangie siku. Nikatuma 100,000 kati ya 200,000. Siku ilipofika akaja na mkoba wa begani, akatoa mabomba matatu ya sindano yameshajazwa dawa, yamezungushiwa tishu. Hakukuwa na kichupa, boksi wala barafu. Nilipouliza ni dawa gani, akajibu, "Botox orijino, usiogope mpenzi." Hakuniuliza kama nina mimba, kama nanyonyesha, wala kama nina ugonjwa wowote wa misuli. Akanichoma mara nane kwenye paji, nyingine juu kidogo tu ya nyusi.

Siku ya nne kope ikaanza kushuka. Siku ya sita nikawa naiinua kwa kidole ili nisome meseji. Nikampigia, akasema ni kawaida, dawa inafanya kazi. Tangu hapo hapokei simu yangu.

Nikaenda kwa daktari wa ngozi. Akanieleza kwamba Botox ni sumu ya bakteria, Clostridium botulinum, iliyopimwa kwa kiasi kidogo mno ili kulegeza msuli unaokunja ngozi. Inakuja ikiwa unga mkavu ndani ya kichupa, inatunzwa kwenye friji nyuzi 2 hadi 8, na inachanganywa na maji maalumu ya chumvi inapotaka kutumika. Mikunjo ya katikati ya nyusi huchukua kama uniti 20. Ikichomwa pasipo pake au ikizidi, inafika mpaka kwenye msuli unaoinua kope. Kikiwa ni hicho tu, kope itarudi yenyewe baada ya wiki kadhaa. Lakini aliponiuliza, "Ulichomwa nini, uniti ngapi?" sikuwa na jibu, na hakuna karatasi wala kichupa cha kumwonyesha. Hilo ndilo linaloniumiza kuliko hela.

Si hapa kwetu tu. Aprili 2024 Marekani, mamlaka ya chakula na dawa (FDA) na taasisi ya kudhibiti magonjwa (CDC) walitoa onyo kuhusu Botox bandia baada ya watu kulazwa, wengine wakiwa wamechomwa na wasio na leseni. Kwa hiyo ukiwa umeshachomwa, halafu ukaona kumeza kunakuwa shida, ulimi mzito, unaona vitu viwili viwili au pumzi inakata, kimbia hospitali saa hiyohiyo. Dalili zinaweza kuanza baada ya saa chache au hata wiki kadhaa.

Na kama bado unataka kuchomwa, uliza anayekuchoma amesajiliwa Baraza la Madaktari Tanganyika kwa jina gani, na kichupa kifunguliwe mbele ya macho yako, chenye namba ya toleo na tarehe ya kuisha muda. Akikataa, vaa viatu uondoke.

Jana kaweka tangazo jipya: ofa ya sikukuu, watu wawili kwa bei ya mmoja. Kama umeshamtumia hela ya kuanzia, iache ipotee. Usiende.